Kitambaa Chekundu kwenye Usukani

Mtu akikuambia kwamba Lutengano wa Mwanjelwa alikuwa fundi wa kawaida, jua hajawahi kumpelekea gari. Miaka ile ya sabini Mbeya ilikuwa na mafundi wa kila namna: wenye vyeti vya kutundika ukutani, wenye maneno matamu, na wale ambao gari likishapita mikononi mwao lilitoka na ugonjwa wa pili wa kuusindikiza ule wa kwanza. Lutengano hakuwa na cheti wala maneno. Alikuwa na masikio tu. Alisimama mbele ya Datsun inayounguruma, akainamisha kichwa kama anayemsikiliza mtoto akieleza anapoumwa, kisha akasema ni valvu ya tatu, au ni kabureta, na ikawa hivyo hivyo.

Kazi aliisomea Tosamaganga, kwenye karakana ya misheni ya Wakatoliki, chini ya bruda mmoja mzee aliyeitwa Marcelino. Lutengano alikuwa Mmoraviani wa Rungwe, na nyumbani walimsengenya kwamba amekwenda kubadili dini kwa ajili ya spana. Dini hakubadili. Alirudi na ufundi, na pamoja na ufundi akarudi na sheria ya kitambaa chekundu. Kwa bruda yule, gari likitolewa kifaa chochote, liwe limetolewa injini nzima au skrubu moja, usukani wake ulifungwa kitambaa chekundu, na kitambaa hakikufunguliwa mpaka kifaa kirudi na gari lijaribiwe. Siku moja Lutengano alisahau kukifunga. Akapigwa kofi mbele ya wagonjwa waliokuwa wakiota jua nje ya hospitali, akaona aibu ya kuzama ardhini, na hakusahau tena.

Magari aliyoyapenda yalikuwa haya madogo ya Kijapani: Datsun 1200, Corolla, Mazda. Wakubwa wa maofisi waliyanunua mapya mwanzoni mwa miaka ya sabini. Yalipochoka wakawauzia walimu, waganga na wakulima, na hao ndio waliomletea Lutengano. Vipuri vikawa adimu, na vita vya Uganda vilipokwisha mwaka 1979 vikawa havipo kabisa. Hapo ndipo ufundi wa kweli ulipojitenga na ule wa kubahatisha. Lutengano alikata raba za breki kutoka kwenye tyubu ya tairi la lori. Gaskiti alizitengeneza kwa karatasi nene ya maboksi. Zaidi ya yote, waliazimana: gari lililokuwa likingoja kifaa hiki lilitoa kifaa kile kwa gari lenye haraka, na hakuna aliyeita jambo hilo wizi maadamu kifaa kilirudi na mwenyewe aliombwa.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na magari saba au manane, na asubuhi yoyote ungekuta nusu yake yamefungwa vitambaa. Tusekile, mkewe, ndiye aliyevikata kutoka kwenye khanga yake kuukuu, na ndiye aliyetunza funguo zilizotundikwa misumarini nyuma ya mlango. Sheria aliijua sawasawa na mumewe. Gari lenye kitambaa ufunguo wake haugusiki, lisilo na kitambaa mwenyewe akija apewe.

Sasa katika magari yote aliyowahi kuyashika, moja lilikuwa la moyo wake. Lilikuwa la Mihayo, Msukuma aliyehama na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga, akatua Ubaruku, kwenye mbuga za Usangu, akajifunza mpunga, na mwaka 1976 akanunua Datsun 1200 ya rangi ya maziwa kwa bwana shamba aliyepewa uhamisho. Watu wa Ubaruku walicheka mpaka wakashika mbavu. Gari tumbo limegusa chini, na Usangu ni mifereji na tope la kumeza ndama! Isitoshe Mihayo alijifunza kuendesha akiwa na miaka hamsini na ushee, na usukani aliushika kama anayeshika pembe za dume la watu. Hakujali vicheko vyao. Alimpelekea Lutengano gari lile akamwambia aliwekee miguu.

Lutengano aliliwekea miguu. Nyuma alilifunga springi za Land Rover, mbele akalinyanyua kwa vipande vya chuma alivyovikata mwenyewe, chini ya injini akachomelea bamba, na bomba la moshi akalipandisha ubavuni hadi juu ya dirisha ili maji ya mifereji yasiingie. Ilimchukua wiki tatu. Ubaya ni kwamba waya wa breki ya mkono ulikuwa mfupi kwa kimo kile kipya. Akauunga, ukawa unavuta nusu tu. Mihayo alimwambia asihangaike, kwao hakuna mlima, akiegesha ataweka jiwe. Lutengano akamwonya tu apinde kona polepole, maana gari refu halikawii kulala ubavu.

Watoto wa Rujewa, mji wa jirani, waliliita Korongo, kama yule ndege mwenye miguu mirefu. Lilibeba magunia ya mpunga, likabeba wajawazito, mchungaji, bibi harusi, na safari moja lilibeba ndama kwenye kiti cha nyuma. Kila aliyepanda kutoka Usangu alipita Mwanjelwa kumsimulia fundi jinsi Korongo alivyovuka mfereji ulioshinda matrekta. Usoni Lutengano alijifanya hasikii. Moyoni alikuwa anapiga vigelegele.

Mwezi wa kumi na moja mwaka ule wa 1979 Mihayo alilileta gari springi imepasuka, akaliacha, wakakubaliana alifuate baada ya siku kumi. Ndani yake kulikuwa na masta silinda mpya ya breki, kile kipande cha chuma kinachopokea nguvu ya mguu na kuipeleka magurudumuni. Mbeya nzima usingeipata nyingine. Mihayo aliipata kwa mpwa wake wa Tunduma, ikavushwa mpaka wa Zambia ndani ya gunia la mahindi, na aliikabidhi kwa Lutengano kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

Siku ya nne akaja Sedekia, bwana afya, mwenye Datsun kama ile ile na breki zimekufa. Alikuwa aende vijiji vya Chunya na chanjo ya surua. Alibembeleza kutwa nzima, akasema watoto wanakufa huko. Hakusema uongo. Lutengano akaitoa masta silinda ya Mihayo, akamfungia Sedekia, wakakubaliana irudi Ijumaa. Kwenye Korongo akabandika ile mbovu ya Sedekia, na raba za tyubu alizozikata mwenyewe, ili angalau gari liweze kusogezwa uwanjani. Ukikanyaga mara mbili tatu ilishika. Ukizidi hapo, mguu ulikwenda mpaka chini bila kukutana na kitu. Akafunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Mihayo hakuombwa, kwa kuwa hakuwepo, na Lutengano alijiambia kwamba hata kujua hatajua.

Ijumaa Sedekia hakurudi. Jumamosi jioni Lutengano alikuwa uwanjani aliposikia sauti ya Mihayo barazani ikimsalimu Tusekile. Alikuja siku tatu kabla, yeye na mkewe Helena. Lori la mpunga liliwapa lifti, na wakwe waliokuwa waje kumposa binti yao Roza walikuwa wametuma habari kwamba wanafika Rujewa Jumatatu asubuhi. Mihayo alitaka wakwe wapokewe na Korongo.

Lutengano aliutazama usukani. Kitambaa kile kilikuwa kinamwambia mwenye gari waziwazi kwamba gari lake limefunguliwa, na Mihayo maana ya kitambaa aliijua. Angeuliza ni kifaa gani. Fundi alisikia nyayo zikizunguka nyumba. Kwa hatua mbili akafika mlangoni mwa gari, akakifungua kitambaa, akakisokomeza mfukoni mwa suruali. Wala hakufikiri, au tuseme alifikiri jambo moja tu, na jambo hilo lilikuwa aibu.

Walisalimiana, wakashikana mikono muda mrefu kama kawaida yao. Lutengano akasema springi imekwisha, limebaki jambo dogo, kesho atalimaliza. Mihayo hakuuliza dogo gani, kwa nini amuulize fundi wake? Wakaenda kulala kwa ndugu yao mmoja mjini. Usiku ule Lutengano hakumwambia Tusekile lolote. Alikwisha kupanga: alfajiri atakwenda kwa Sedekia Iyunga, maana alisikia ameonekana, atafungua kile kifaa, atakirudisha mahali pake, na mambo yatakuwa yamekwisha.

Jumapili alitoka na baiskeli kabla jua halijachomoza. Sedekia alikuwa amefika kweli, amelala fofofo, na boliti moja ilikuwa imeng'ang'ania. Ikamla saa nzima, ikamla na ya pili.

Wakati huo Mihayo na Helena walikuwa wameketi barazani kwa Tusekile wakiangalia jua. Siku zile serikali ilikuwa imepiga marufuku magari ya watu binafsi barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili kuokoa petroli. Mihayo alikuwa mtu wa kuogopa askari hata asipokuwa na kosa. Alihesabu mwendo wake wa pole, akahesabu njia ya vumbi ya kuingia Ubaruku, akaona asipoondoka asubuhi ile ile atakamatwa njiani na wakwe wataaibika. Ilipofika saa tatu akamwuliza Tusekile kama fundi alilimaliza lile jambo dogo usiku. Tusekile hakujua. Akaenda uwanjani, akachungulia ndani ya Korongo. Usukani ulikuwa mtupu.

Akatoa ufunguo. Tena akamfungashia Helena mkungu wa ndizi, akauweka mwenyewe kwenye kiti cha nyuma, akawapungia mkono mpaka wakapotea.

Lutengano aliporudi saa nne na nusu, masta silinda ikiwa mfukoni mwa koti imefungwa kwenye gazeti, alikuta nafasi ya Korongo ina doa la oili tu. Tusekile akamweleza kwa furaha kwamba wageni wamewahi kuondoka. Lutengano aliiacha baiskeli ianguke, akarukia Mazda ya mwalimu mmoja, akaondoka kwa kasi ambayo majirani waliizungumzia wiki nzima. Aliomba wawe wamesimama Uyole. Uyole hawakuwepo. Baada ya hapo barabara huinama kuelekea Inyala, na mteremko ule ni mrefu.

Aliwakuta chini, kwenye kona. Korongo alikuwa amelala ubavu mtaroni, uso wake umepondeka kwenye mwamba, na ile miguu mirefu ambayo Lutengano aliichomelea kwa mkono wake ilikuwa inatazama barabara. Ndizi zilikuwa zimetapakaa kwenye lami. Helena alikwisha kufunikwa kwa khanga yake mwenyewe. Mihayo aliegemezwa kwenye kingo, mguu wa kushoto umevunjika vibaya, akirudia neno moja kwa kila aliyeinama kumtazama, kwamba alikanyaga, alikanyaga, alikanyaga.

Askari wa barabarani alikagua, akakanyaga pedali ya breki, ikazama. Akasema mabomba yamekatika kwa ule mgongano, na mzee ni mtu wa mbugani, hajui mlima, pengine alikanyaga klachi kwa kuchanganyikiwa. Akaandika hivyo. Lutengano alisimama hatua tatu kutoka kwake. Chuma kile kilimlemea mfukoni, akakifunika kwa kiganja.

Helena alizikwa Ubaruku. Lutengano alikwenda, akashika koleo pamoja na wanaume wengine, akarudi. Mihayo mazishi hakuyaona. Alikuwa hospitali ya Mbeya, kisha mguu ukakataa kuunga, wakampeleka Tosamaganga. Habari zilizokuja kutoka huko zilikuwa mbaya. Mzee hali, hazungumzi, anasema amemuua mkewe kwa ujinga wa kuendesha gari.

Nyumbani Mwanjelwa nako kulikuwa na msiba wa pili. Tusekile alikonda. Akiwa jikoni alisimama ghafla na mwiko mkononi, akasahau anapika nini. Jioni moja alimwuliza mumewe bila kumtazama.

"Baba Tupo, kile kitambaa kilikuwepo? Labda sikuona. Labda ni macho yangu."

"Hakikuwepo," Lutengano akasema.

Lilikuwa jibu la kweli, na katika maisha yake yote hakuwahi kusema uongo mkubwa kuliko huo. Aliona mabega ya mkewe yakishuka kidogo kwa nafuu, naye nafuu ile ikamchoma kuliko kama angemtukana. Alijua fika kwamba wapo watu wawili waliobeba mzigo wake, mmoja yuko jikoni na mwingine kitandani Tosamaganga, naye anatembea mikono mitupu. Nitasema ukweli hapa: hakuwa mtu mbaya. Lakini mwoga anaweza kufanya kazi yote ya mtu mbaya, na kuimaliza vizuri zaidi.

Siku ya kufua ndiyo iliyomfichua. Tusekile aliitoa chini ya kitanda suruali iliyokuwa imetupwa huko tangu ajali, akapekua mifuko kabla ya kuitumbukiza kwenye maji, kama alivyofanya siku zote. Mchana Lutengano alipoketi kula, alikuta kando ya sahani ya ugali kitambaa chekundu kimekunjwa vizuri. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni.

"Nilikikata mimi, nakijua," akasema. "Nilikuwa nimeanza kuona kwamba nimepofuka. Mimi nilitoa ufunguo, hiyo sehemu yangu nitaibeba mpaka nife. Ya kwako siwezi. Kesho kuna basi la Iringa."

Hakugombana naye zaidi ya hapo. Lutengano hakula.

Tosamaganga hapakuwa pamebadilika sana tangu siku zake za ujana. Karakana ilikuwepo bado, japo Bruda Marcelino alikwisha kufariki. Alipita pale ambapo alipigwa kofi, akapita upesi. Ndani ya wodi alimkuta Mihayo amelala chali, mguu wa kushoto umetundikwa kwa kamba na mawe ya uzito. Alikuwa amepungua mpaka shuka halikuonyesha mtu. Ila mguu wa kulia ulikuwa hautulii. Unyayo wake ulikuwa umegusa chuma cha mwisho wa kitanda, nao ulikuwa unakanyaga, unaachia, unakanyaga. Muuguzi alisema hufanya hivyo mchana kutwa.

"Fundi," Mihayo akasema alipomtambua, na macho yake yakafurahi kweli, jambo ambalo Lutengano hakulitegemea. "Umekuja. Gari lako nimeliua, na miguu yote uliyoliwekea. Mimi najaribu kukumbuka. Huu mguu ulikuwa wapi? Nilikanyaga hii ya katikati, au nilikanyaga klachi? Wewe unayajua magari. Niambie."

Lutengano alikuwa amejipangia maneno mengi ndani ya basi, kuanzia chanjo ya surua mpaka boliti iliyong'ang'ania. Yote yakayeyuka. Akatoa kitambaa, akakiweka kwenye shuka.

"Ulikanyaga ya katikati, Mzee Mihayo. Breki hazikuwemo. Silinda yako nilimwazima mtu mwingine, nikakuwekea mbovu. Hiki kilikuwa kwenye usukani wako. Jumamosi ile uliposalimia pale nje, nilikifungua nikakificha ili usijue."

Ule unyayo ukasimama. Mihayo alitazama dari, na Lutengano alingoja matusi, alingoja hata kupigwa. Angeyapokea kwa mikono miwili.

"Helena alikuwa ananipigia kelele," Mihayo akasema mwishowe. Sauti yake haikupanda. "Kanyaga, baba Roza, kanyaga. Nikamwambia nimekanyaga. Hakuniamini. Aliona gari linakimbia, na alijua mimi gari nimelijua uzeeni. Amekufa akijua sikukanyaga."

Lutengano alifungua mdomo. Mihayo akanyanyua mkono kumzuia.

"Usiniombe mimi msamaha. Mimi bado sijui la kukujibu. Nenda Ubaruku ukamwambie yeye. Kiswahili hakukijua vizuri, Roza atamfasiria."

Kwa hiyo Lutengano hakurudi Mbeya. Alishuka Igawa, akaingia Rujewa, akatembea kwa miguu njia ile ya mifereji ambayo Korongo alikuwa akiivuka, na kila aliyekutana naye alimpa pole ya gari na ya rafiki. Kaburi lilikuwa nyuma ya zizi, udongo bado umevimba. Wanawe Helena walisimama, na Roza, ambaye posa yake ilikuwa imeahirishwa, alisogea mbele kwa kuwa ndiye aliyesoma. Walidhani fundi amekuja kutoa pole.

Alivua kofia. Alisema jina lake, na Roza akalifasiri kwa Kisukuma, akiutazama udongo, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mama yake. Akasema baba Roza alikanyaga. Roza akamgeukia haraka, akamtazama, kisha akafasiri, na nyuma yao mtu akaanza kulia. Akasema breki hazikuwemo. Roza akafasiri. Akasema kulikuwa na kitambaa, na kazi ya kitambaa ilikuwa nini. Roza akafasiri polepole, akitafuta maneno.

"Kitambaa nilikitoa mimi," akasema Lutengano.

Roza hakufasiri. Alimtazama fundi usoni, na kaka zake wawili, ambao Kiswahili hiki kidogo walikielewa, wakapiga hatua moja mbele. Akawazuia kwa mkono bila kugeuka.

"Kwa nini ulikitoa?" akauliza.

"Niliona aibu."

Alingoja lolote lile. Roza akageukia kaburi, akainama kidogo, na akamwambia mama yake yote mawili, kosa la fundi na sababu yake. Sababu aliisema kwa neno moja fupi. Kisha akasikiliza, kama anayengoja jibu, na Lutengano naye akasikiliza, kofia mkononi, kichwa kimeinama upande mmoja, kama alivyokuwa akisimama mbele ya gari.